Suihanki ya go 3 kwa mwanafunzi wa Kisumu asiyeonja hata mchuzi wa samaki

Kabla ya kununua koti la baridi, mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana anayekwenda Japani na anayekula mimea tu anunue suihanki. Ndiyo sufuria ya stima ya kupikia wali, na huko Japani ni nadra kuingia nyumba usiikute. Tunayoipima hapa ni ndogo, ya go 3 (go ni kipimo cha mchele, tutakieleza mbele), aina ya maikon, yaani yenye kipasha joto chini tu, kwa kuwa ndiyo inayoenea katika chumba cha hosteli na ndiyo mfuko wa mtu wa muhula mmoja au mwaka unaweza kuimudu. Tumeipima kwa chakula cha mtu anayetoka Kisumu, Kakamega, Busia au Nakuru, aliyekulia ugali na mboga za kienyeji, na ambaye hagusi nyama, samaki, mayai wala maziwa. Watu wa namna hiyo si wageni upande wetu. Waadventista wako Gendia tangu 1906, na meza isiyo na nyama inajulikana Nyanza muda mrefu kabla ya neno vegani kufika.

Uamuzi wetu kwanza, maelezo baadaye: kwa wali na viazi vitamu ni chombo bora kabisa, kwa maharagwe ni hatari, kwa ugali hakifai. Hata hivyo kinunue.

Sababu ni mchuzi. Upishi wa Kijapani umesimama juu ya dashi, na dashi ya kawaida hutokana na katsuobushi, yaani samaki aina ya katsuo aliyekaushwa kwa moshi akawa mgumu kama kuni, kisha akaparuzwa vipande vyembamba. Nyingine hutokana na niboshi, dagaa wakavu ambao mtu wa Dunga angewaita omena bila kusita. Dashi hiyo imo katika supu ya miso (soya iliyochachushwa na kusagwa), katika mchuzi wa tambi za udon na soba, katika mboga zilizochemshwa, hata katika tofu ya mkahawani inayoonekana nyeupe na safi. Ukisema "bejitarian desu", mimi sili nyama, mara nyingi utaletewa sahani isiyo na nyama, ikiwa na vipande vya katsuobushi vinavyochezacheza juu yake kwa mvuke. Sema hivi: "Niku, sakana, tamago, nyūseihin wa taberaremasen. Katsuo no dashi mo taberaremasen." Yaani: sili nyama, samaki, mayai wala vyakula vya maziwa, wala dashi ya katsuo. Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi. Bila hiyo mpishi hahesabu mchuzi kuwa samaki.

Madukani mtego ni mmoja, nao huwapata hata wanaosoma kanji vizuri. Sheria ya Japani inalazimisha mayai (卵) na maziwa (乳) yatajwe kama vyakula vinavyodhuru baadhi ya watu, kwa hiyo watu huzoea kuangalia kile kisehemu cha mwisho cha lebo na kuridhika. Katsuo haimo katika orodha hiyo. Pakiti inaweza kuonyesha ngano na soya tu, na bado ikawa na samaki ndani. Soma mstari mzima wa viambato na utafute かつお na 鰹 (katsuo), 魚介 (samaki na viumbe vya baharini) na だし (dashi). Onigiri, tonge la wali, ya ume (tunda lililotiwa chumvi) au ya kombu (mwani) katika konbini, duka dogo la mtaani, mara nyingi ina kiini cha katsuo kwenye kitoweo chake, ingawa jina lake ni la mimea mitupu. Miso iliyoandikwa だし入り tayari ina dashi. Nunua ile yenye soya, mchele na chumvi basi. Shoyu (sosi ya soya) ni salama, lakini mentsuyu (sosi ya tambi) na ponzu (sosi ya ndimu) nyingi si salama, na vibonge vya kari mara nyingi huwa na mafuta ya ng'ombe au maziwa.

Ndiyo maana suihanki si anasa. Ukiwa na wali wako mwenyewe asubuhi, mtego wa konbini umeukwepa kabla jua halijatoka.

Sasa chombo chenyewe. Go ni kipimo cha Kijapani cha mililita 180, na kwa mchele ni kama gramu 150. Kikombe cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi ni cha go 1, na mistari ya maji ndani ya chungu imechorwa kukifuata. Ukikipoteza, ukachukua kikombe cha mililita 250, vikombe 2 vitakuwa karibu go 2.8 za mchele. Ukijaza maji hadi mstari wa 2, wali utatoka na kiini kigumu na utalaumu mchele. Go 1 ikiiva huwa gramu 330 hadi 350, yaani sahani iliyojaa ya mtu mwenye njaa. Ile ya go 5.5 iache kwa familia, kwa sababu ukiipikia go 1 tu, wali hukaa chini mwembamba kama chapati na kukauka pembeni.

Usibebe ya kutoka nyumbani, hata kama ni mpya. Stima ya Japani ni volti 100, yetu ni 240. Nguvu ya kipasha joto hushuka kwa mraba wa volti: sufuria ya wati 700 iliyotengenezewa Kenya itabaki na wati 120 hivi ukiichomeka Tokyo. Maji yatapata uvuguvugu na mchele utalowa, lakini hayatachemka. Adapta haisaidii, kazi yake ni kubadilisha umbo la plagi, kutoka miguu yetu mitatu minene hadi pini zao mbili bapa. Volti zinabaki zile zile. Kitu kingine cha kuacha nyumbani ni sufuria ya aluminiamu. Hosteli nyingi zina jiko la IH, la kupasha kwa sumaku, na jiko hilo hupasha chuma chenye kushika sumaku peke yake. Sufuria zetu nyepesi za Kibuye zitakaa juu yake zikiwa baridi, taa ya jiko ikimeta. Beba sumaku ndogo ya friji ukienda dukani huko: ikinata chini ya sufuria, inunue.

Aina ziko tatu. Maikon ina kipasha joto chini ya chungu na kompyuta ndogo ya kupima muda na joto. IH hupasha chungu chote kwa sumaku, na atsuryoku IH huongeza shinikizo. Wali wa IH ni mtamu zaidi, hilo halina ubishi, punje zinasimama na zinang'aa. Lakini maikon mpya ya go 3 hupatikana kwa yeni 5,000 hadi 10,000, na iliyotumika kwa yeni 1,500 hadi 4,000 katika duka la vitu vikuukuu, linaloitwa risaikuru shoppu. Kwa bei za karibuni yeni 1 ni chini kidogo ya shilingi 1 ya Kenya, hivyo hesabu si ngumu. Ya shinikizo hatuipendekezi kwa mla mimea, na sababu itaonekana tukifika kwenye maharagwe.

Ukinunua iliyotumika, fungua kifuniko na unuse kabla ya kutazama bei. Mpira mweupe unaozunguka kifuniko cha ndani hushika harufu, na kama aliyetangulia alikuwa akipika wali wa samaki, harufu hiyo itatua juu ya wali wako kwa miezi. Kisha ng'oa kifuniko cha ndani, uchibuta. Kikikataa kutoka au mpira ukiwa umepasuka, mvuke utavuja na wali wa juu utabaki mbichi. Pitisha kidole sakafuni mwa chungu: utando mweusi uliobanduka kwa ukubwa wa sarafu maana yake wali utagandia hapo kila siku. Hakikisha waya upo, maana katika baadhi ya modeli hutoka na kupotea. Maduka haya kwa kawaida huandika mwaka wa kutengenezwa, mfano 2019年製, na zaidi ya miaka 8 tungeiacha. Saa ikiwa haionyeshi kitu, usiogope, ni betri ndogo ya ndani imeisha na upishi unaendelea kama kawaida. Kinachopotea ni muda uliopanga ukichomoa waya.

Harufu ndogo inatibika. Jaza maji hadi mstari wa 2, tia gramu 20 za kuensan, yaani unga wa asidi ya limau unaouzwa sehemu ya vifaa vya usafi, bonyeza kitufe cha kupika, kisha mwaga na upike maji matupu mara moja zaidi. Isipotoka kwa hilo, imeingia kwenye mpira na haitatoka.

Vitufe ni somo la kanji lisilolipiwa. 炊飯 ni kupika, 保温 ni kuweka moto, 取消 ni kufuta, 予約 ni kupanga muda. Kwenye orodha ya vyakula, 白米 ni mchele mweupe, 玄米 ni wa kahawia, 炊込み ni wali wa kuchanganya na mboga, おかゆ ni uji wa mchele, 早炊き ni haraka. Kosa la wageni liko kwenye 予約. Saa unayoweka ni ya wali kuwa tayari, si ya kuanza kupika. Ukitaka kula saa moja asubuhi weka 7:00, na mashine itarudi nyuma yenyewe kuhesabu. Kiangazi usiache mchele majini zaidi ya saa 8, kwa sababu huanza kuchacha, na harufu yake utaikuta kwenye kifuniko kwanza.

Mchele wa Japani ni mfupi na unanata, si kama ule wa Ahero au pishori ya Mwea. Osha mara 3 au 4, haraka, na maji ya kwanza yamwage upesi kwa sababu mchele mkavu huyanywa pamoja na vumbi lake la pumba. Usitie mafuta na chumvi kama nyumbani. Hauhitaji, na mafuta huacha utando kwenye kihisi kilicho chini. Programu ya kawaida huchukua dakika 50 hadi 60 kwa kuwa ndani yake kuna muda wa kuloweka. Haraka ni dakika 30 hivi, lakini wali wake ukipoa huwa mgumu. Ikilia kuwa imemaliza, fungua na upindue wali kutoka chini kwa mwiko wa plastiki, taratibu, ili mvuke utoke. Usipofanya hivyo maji hurudi chini na sakafu inakuwa bokoboko.

Kuhusu bei ya mchele, jiandae. Mwaka 2025 mfuko wa kilo 5 ulipita yeni 4,000 katika maduka ya kawaida, karibu maradufu ya mwaka uliotangulia. Kilo 5 ni go 33, kwa hiyo kwa bei hiyo go 1 inasimama yeni 120. Bado ni nafuu kuliko onigiri 2 ambazo huna hakika nazo.

Hapa ndipo suihanki inapoonyesha thamani yake: kitufe cha 炊込み. Kwa go 2 za mchele uliooshwa, tia kwanza vijiko 2 vya chakula vya shoyu, 1 cha mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia), 1 cha sake ya kupikia. Kisha jaza dashi ya mimea hadi mstari wa 2. Juu yake panga karoti iliyokatwa njiti, uyoga wa shiitake uliolowekwa na gramu 100 za soya zilizokwisha kuchemshwa, zinazouzwa kwenye mfuko ulioandikwa 大豆水煮. Jumla ya vitu vya juu isizidi gramu 200. Usikoroge. Tunarudia kwa sababu mkono wa Mkenya una hamu ya kukoroga: mboga zikichanganyika na mchele huzuia maji kuzunguka, na utapata mifuko ya punje mbichi katikati ya wali ulioiva. Ukitia maji kwanza halafu shoyu, kimiminika kitapita mstari na wali utatoka teketeke. Suihanki ya go 3 isipikiwe zaidi ya go 2 kwa njia hii, maana hufurika. Na hapa 予約 isitumike, kwani shoyu hutuama chini na kuungua, mboga nazo hulala kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha.

Dashi ya mimea haina ugumu. Gramu 10 za kombu katika lita 1 ya maji baridi, kwenye friji usiku mmoja, kisha itoe. Usiichemshe ikiwa ndani, itatoa utelezi na uchungu. Au uyoga mkavu wa shiitake 3 au 4 katika nusu lita ya maji baridi kwa saa 6. Maji ya moto hufanya haraka lakini ladha haifiki nusu. Changanya zote mbili na mtu hataulizia samaki. Kombu ina iodini nyingi mno, basi inywe kama kionjo na vipande vyake usivigeuze mboga ya kila siku.

Ladha ya pilau nayo inawezekana. Viungo vikavu vilivyosagwa na kufungwa kwa kuuzwa rejareja havisumbuliwi na ukaguzi wa mimea kwenye uwanja wa ndege, kwa hiyo pakiti 3 za bizari ya pilau kutoka Nakuru au Kisumu ni mzigo wa maana. Lakini mbegu, maharagwe makavu na mboga mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na KEPHIS, na bila cheti huishia kwa wakaguzi. Kitunguu kikaange pembeni, kwenye kikaango, ndipo ukitie. Suihanki haikaangi: kihisi kikiona sakafu imepanda juu ya joto la maji yanayochemka huhesabu kuwa maji yameisha na kuzima.

Kiazi kitamu kinastahili aya yake. Huitwa satsumaimo, na suihanki hukipika vizuri kuliko jiko lolote la hosteli. Chukua kimoja cha gramu 300, kisugue kwa maji, usikimenye. Kisipoenea kikate mara 2. Mililita 200 za maji chini, kitufe cha 玄米, funga uondoke. Kazi yote iko kwenye polepole yake. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari kiazi kikiwa kati ya nyuzi 60 na 75 hivi, na programu ya mchele wa kahawia hukivusha hapo pole pole. Maikrowevu hukirusha eneo hilo kwa dakika 5 na kinatoka kikavu, hakina utamu. Mzoefu wa viazi vya Kabondo achague aina: Beni Haruka ni laini na hutoa asali chini ya ganda, karibu uite kitindamlo, Naruto Kintoki na Beni Azuma ni vya unga, vinavunjika, na hivyo ndivyo vinavyokwenda na chai ya rangi asubuhi. Nduma ndogo za huko, satoimo, hupikika vivyo hivyo kwa nusu saa tu. Menya zikiiva, zikiwa mbichi zinawasha mikono kama zetu.

Sasa yaliyoshindikana.

Ugali kwanza, maana wengi hujaribu wiki ya kwanza. Unga hutuama, sakafu hupanda joto, kihisi hudhani upishi umekwisha, mashine hulia wimbo wake na juu bado ni maji. Ukiulazimisha kwa mwiko, chungu cha ndani hakina mkono wa kushikia, huzunguka, na kila msuguano unakwangua ule utando mweusi. Upikie kwenye sufuria ndogo ya chuma juu ya IH. Unga nao una mtego wake: kōnsutāchi si unga wa mahindi, ni wanga mtupu, na ukiutia maji ya moto utapata gundi. Kōngurittsu ni chenga za njano, hutoa kitu chenye mchanga mdomoni. Kilicho karibu zaidi ni fubá ya maduka ya Wabrazili, laini na ya njano. Jamii yao ni kubwa Hamamatsu na Oizumi mkoani Gunma, na maduka hayo hutuma kwa posta. Maji mililita 500 kwa gramu 250 za fubá ndiyo mwanzo mzuri, kisha ongeza kidogo kidogo hadi ugali ushikane.

Maharagwe makavu usiyatie kabisa. Vijitabu vya maelekezo vingi vinakataza, na vina haki. Povu lake hupanda hadi kwenye tundu la mvuke na ganda likilegea huziba. Kwenye aina ya shinikizo, mvuke uliozibwa unaweza kurusha chakula cha moto kifuniko kikifunguliwa. Hatari ya pili ni ya tumbo. Maharagwe mekundu na meupe yana lektini, sumu inayoharibiwa kwa kuchemka kwelikweli dakika 10 au zaidi baada ya kuloweka saa 5, wala si kwa kuachwa kwenye 保温 usiku kucha. Mwaka 2006 watu zaidi ya 100 waliugua Japani baada ya kula maharagwe meupe yaliyokaangwa dakika 3 tu na kusagwa, wakifuata maelekezo ya kipindi cha televisheni. Kwa nyoyo, nunua maharagwe ya kopo na mahindi ya kopo, changanya kwenye sufuria ya IH na kitunguu. Kamande na ndengu ziko katika maduka ya halali na ya Kihindi, nazo huiva upesi kwenye sufuria hiyo hiyo.

Cha tatu ni magadi. Mtu wa Vihiga au Siaya haoni mboga bila munyu wa majivu au magadi, na huko mbadala upo: jūsō, soda ya kupikia. Isiingie kwenye suihanki kamwe, maana hutoa povu ghafla na kuziba lile tundu. Isitoshe, chagua iliyoandikwa 食用, ya kula, kwa kuwa rafu ya usafi inauza jūsō nyingine ya kusugulia sinki, mfuko ukiwa unafanana.

Mbona soda, mtu atauliza, ikiwa mboga za kwetu haziko? Ziko. Mrenda uko. Unaitwa moroheiya, neno lililotoka Misri, mulukhiya, na ni mmea ule ule, apoth ya Wajaluo na murere ya Waluhya. Kuanzia Juni hadi Septemba huuzwa katika mifuko ya gramu 80 hadi 100 kwenye maduka makubwa ya kawaida, si ya wageni. Watu wa huko huichemsha sekunde chache, huikatakata na kunyunyiza katsuobushi, kwa hiyo ya mkahawani iepuke. Yako ipike hivi: chambua majani, mabua yake ni magumu. Chemsha mililita 300 za maji na robo ya kijiko cha chai cha jūsō, tia majani ya mifuko 2, acha wazi bila kifuniko, koroga kwa dakika 4 hadi uone uzi unavutika kutoka kwenye mwiko. Chumvi. Kisha kijiko 1 cha neri goma, simsim iliyosagwa, ambayo mtu wa Teso ataitambua kwa harufu kabla ya kuona kopo. Ukizidisha soda mboga huwa nyeusi na ladha ya sabuni. Na ukipewa moroheiya kutoka bustani ya mtu, yenye vitumba vya mbegu, kataa kwa heshima. Mbegu zina sumu ya moyo, na mwaka 1996 ng'ombe walikufa mkoani Nagasaki kwa kula mimea iliyobeba mbegu.

Msimu wa moroheiya ukiisha, komatsuna ndiyo sukuma yako. Kitunguu, nyanya, majani yakikatwa kama upana wa kidole, dakika 3 basi, maana ni laini kuliko sukuma na ukisubiri itageuka maji.

Jambo la stima tusilipite. Vyumba vingi vidogo vina ampia 20 au 30. Ampia 20 kwa volti 100 ni wati 2,000 tu. Maikon hula wati 300 hadi 500, birika la stima 1,200, maikrowevu zaidi ya 1,000. Washa vyote pamoja na swichi kuu itaanguka, chumba chote giza. Anza na suihanki, chemsha chai ikiwa imefika kwenye mvuke, maikrowevu iwe ya mwisho.

Kitufe cha 保温 hakistahili sifa kinazopewa. Baada ya saa 12 wali huwa wa njano na kunuka, na wali wa 炊込み usiwekwe humo kabisa. Njia bora: ukiiva, gawanya wali wa moto katika vifurushi vya gramu 150 ndani ya rappu, karatasi nyembamba ya plastiki, vikiwa bapa ili vipoe haraka, kisha friza. Maikrowevu ya wati 600, dakika 2 na nusu, na wali unarudi kama ulivyokuwa. Ukingoja upoe kwanza ndipo ufunge, mvuke unakuwa umeshapotea na utakula kokoto. Pika go 3 Jumapili na Jumatano, wiki imekwisha.

Vitamini B12 haitoki kwenye suihanki wala kwenye mrenda. Tembe zake ziko kwenye maduka ya dawa, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Soma lebo ya kapsuli, maana nyingi zimetengenezwa kwa jeratini (ゼラチン) ya wanyama.

Alama zetu: wali 9 kwa 10, viazi vitamu 10, wali wa mboga 8 kwa sababu ya ule ukomo wa go 2, usafi 6 kwa kuwa uchibuta lazima uoshwe kila mara na wengi huchoka, ugali 0.

Siku ya kurudi, iache huko. Ile ya wati 350 ya volti 100 ukiichomeka Kondele kwenye volti 240 itajaribu kuvuta wati 2,000, na itakufa ndani ya dakika chache, pengine na moshi. Transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa kuibeba ni nzito kuliko suihanki yenyewe. Ioshe, mpira uukaushe kivulini, kikombe cha go 1 kiweke ndani ya chungu kisipotee, na mpe mwanafunzi anayefuata. Bandika karatasi kwenye kifuniko: 魚を炊いたことはありません, sakana o taita koto wa arimasen, haijawahi kupikiwa samaki.